Kuhesabu Mbele ya Baba

Mwalimu aliyeletwa na chama chetu cha akiba alitugawia karatasi moja moja na kalamu za bure, kisha akaandika mistari mitatu ubaoni: Niko na nini. Nadaiwa nini. Nataka kufika wapi. Tulikuwa wanawake kama thelathini, wote washonaji wa kiwanda cha nguo kule Athi River, tumeketi kwenye viti vya plastiki katika kanisa moja la Kitengela, Jumamosi baada ya zamu. Wenzangu walianza kuandika huku wakitaniana. Mmoja aliuliza kama mume huandikwa kwenye mstari wa kwanza au wa pili, na kanisa zima likaangua kicheko.

Mimi niliandika moja, nikahisi kichwa kinapasuka. Sitii chumvi. Juu ya sikio langu la kushoto nina kovu la urefu wa kidole, pahali nywele zimekataa kuota, na nikianza tu kuhesabu kitu kilicho changu, panawaka moto. Kiwandani nilihesabu suruali mia tano kwa siku bila shida, kwa sababu hazikuwa zangu. Siku ile niliikandamiza kalamu mpaka ikavunjika, wino ukanirukia blauzi, nikatoka nje mbio na kutapika kando ya ukuta wa kanisa. Mwalimu akanifuata.

"Pole, mama. Uko na mimba?"

"Niko na baba," nikamjibu, nikachukua mkoba wangu na ile karatasi nikaenda zangu.

Baba yangu ni Mmaasai wa Kitengela ya zamani, wakati simba wa mbugani walikuwa majirani wa karibu kuliko watu. Mama ni Mkamba wa Machakos, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili. Walikutana kwenye soko la mifugo la Bisil, ambako mama alikuwa akiuza maharagwe. Baba alinunua gunia zima na hakuwa na habari yanapikwaje. Mama alipenda kusema kwamba hapo ndipo alipaswa kumjua, mtu anayelipa bei ya kwanza bila kuuliza.

Mama alihesabu kila kitu: mayai, siku, mitungi ya maji, watu waliokula kwake. Baba hakuhesabu. Kwao ng'ombe hawahesabiwi, wala watoto. Ukitaja idadi, umeita kitu kije kipunguze. Jioni ng'ombe wakirudi, baba alisimama kwenye lango la boma, akaegemea fimbo, akawatazama wakipita. Akisha kuwatazama alijua: yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda hayupo, na ndama wa yule wa madoa amebaki nyuma. Alimjua kila mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa mama yake. Sijawahi kumwona akikosea.

Nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu, na nilikuwa nimesifiwa shuleni kwa sababu nilifika mia bila kukwama. Jioni hiyo nikapanda juu ya jiwe kando ya lango. Ng'ombe walipoanza kuingia, nikawanyooshea kidole mmoja mmoja na kuhesabu kwa sauti. Baba alikuwa upande wa pili akiongea na ng'ombe aliyekuwa akichechemea, hakunisikia mpaka mwisho. "Arobaini na tatu!" nikapiga kelele, nikamgeukia nikitabasamu, nikingoja anisifu kama mwalimu.

Rungu lilinipata juu ya sikio. Nilianguka kutoka kwenye jiwe, damu ikaingia machoni, na nikamsikia akinguruma juu yangu.

"Unaita nani? Entito, msichana wewe, unaita nani akuje?"

Mama alitoka jikoni na mwiko wenye ugali wa moto, akamtandika nao usoni. Ugali ukamganda shavuni, baba akalia kama mtoto, kisha akamrukia. Walipigana kwenye samadi katikati ya miguu ya ng'ombe mpaka mama akapoteza jino na baba akavuja pua. Mimi nilibaki chini. Baadaye mama alikuja akaniwekea kiganja juu ya jeraha, akabana kwa nguvu zake zote ili damu isimame. "Nimeshika," alisema. "Tulia, nimeshika." Kiganja chake kilinuka ugali ulioungua.

Ingeishia hapo, labda ningesahau. Lakini siku ya nne simba waliingia bomani. Asubuhi ng'ombe watatu walikuwa wamelala nje ya ua wa miiba, mmoja tumbo wazi na ndama wake ambaye hajazaliwa ametolewa nusu. Baba alinifuata kitandani kichwa changu kikiwa bado kimefungwa leso. Alinishika shingo, akanipeleka mpaka kwenye mizoga, akaniinamisha hadi nikahisi joto la matumbo usoni.

"Hesabu sasa," akasema.

"Moja," nikasema. Fimbo ikanishukia miguuni. "Mbili." Fimbo. "Tatu." Fimbo.

"Sasa toa kwa zile zako. Imebaki ngapi?"

"Arobaini, papa."

Alinipiga kwa hiyo arobaini pia. Mama alikuwa ameenda mtoni kuchota maji, na aliporudi nilikuwa nimeketi kando ya yule ndama nikimfukuzia nzi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza hesabu ya kutoa. Nimeambiwa na watu wengi, wengine wasomi, kwamba nimwelewe, kwamba mzee alikuwa akilinda mali yake kwa njia anayoijua. Sawa. Alikuwa akilinda ng'ombe. Mimi hakunilinda na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa yeye.

Shuleni niliendelea kuongoza darasa katika hesabu, maana shuleni vitu havina mwenyewe. Nyumbani mdomo wangu ulijifunga. Hata mama akiniuliza kuku wametaga mangapi, nilimletea mayai kwenye kikapu ajionee.

Kisha ukaja ule ukame uliowamaliza ng'ombe wa kila mtu. Baba aliwainua kwa kuwavuta mkia asubuhi, na adhuhuri walianguka tena, na tai hawakuogopa tena watu. Wakati huohuo watu wa Nairobi walikuwa wameanza kuja kutafuta mashamba. Walikuja na magari, wakasimama barabarani, wakaitazama nchi yetu iliyokauka kama watu wanaotazama nyama buchani.

Broka mmoja, dalali wa mashamba, alimzoea baba. Alivaa viatu vya ncha na alikuwa na simu ya mkononi kubwa kama tofali, ambayo aliiweka mezani kila alipoketi ili ionekane. Alimletea baba tumbaku na sukari, akamsalimia kwa Kimaasai kibovu. "Supa, mzee," alisema, na baba akajibu "Ipa" huku akitazama mbali. Siku ya kuuza nilikuwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilikuwa kidato cha tatu. Mama alikuwa Machakos kumzika mama yake.

Waliketi nje kwenye kivuli cha jiko, nikaambiwa nilete chai. Baba alikuwa ameshamwonyesha broka kipande anachouza, kwa kunyoosha fimbo: kutoka barabarani mpaka kwenye ule mkondo wa maji uliokauka. Upande wa pili wa mkondo kulikuwa na boma letu na nyumba ya mama, nyumba ya udongo aliyoikandika kwa mikono yake.

"Hiyo ni ekari kumi, mzee, si ndiyo?" broka akasema.

"Usiweke namba kwa shamba yangu," baba akamjibu. "Nimekuonyesha na fimbo."

"Sawa, sawa. Mimi naheshimu mila."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake na birika mkononi. Karatasi ilikuwa mezani. Niliisoma. Ilisema ekari 15, na chini yake tena, kwa maneno, kumi na tano. Nilijua mkondo uko wapi na nilijua hesabu. Ekari kumi ziliishia mkondoni. Hizo tano zilivuka mkondo, zikapita bomani, zikameza nyumba ya mama, choo chake na kaburi la mdogo wangu aliyekufa kwa surua.

Kovu likawaka. Ninasema wazi, kwa sababu nimelificha kwa miaka mingi: niliona, nikahesabu, nikanyamaza. Nilimmiminia yule mwizi chai. Nilifikiria rungu lililokuwa limelazwa mapajani kwa baba, nikafikiria jinsi nitakavyofungua mdomo mbele ya mgeni na kutamka namba juu ya mali yake. Baba akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza. Broka akampa pesa ndani ya mfuko wa khaki. Baba hakuufungua. Aliupima kwa kiganja kama mtu anayepima kipande cha nyama, akasema, "Zimetosha."

Pesa hizo alienda nazo Bisil akanunua ng'ombe. Ukame uliwaua karibu wote kabla mvua haijanyesha.

Walikuja kubomoa baada ya mwaka mmoja, asubuhi, wanaume sita na trekta, broka akiwa ndani ya gari lake amefunga vioo. Walikuwa na mitaimbo na karatasi. Mama aliisoma ile karatasi mlangoni, polepole, kidole kikifuata kila neno, kisha akaingia ndani akaketi juu ya kitanda chake. "Mnibomolee nikiwa hapa," alisema. Wakambomolea. Mimi nilimng'ata mmoja wao mkono mpaka nikaonja damu yake, akanipiga kiwiko kifuani nikakosa pumzi. Trekta lilisukuma ukuta wa nyuma. Ukuta ukaingia ndani na paa likafuata, na kutoka chini ya ule udongo nikamsikia mama akipiga ukelele mmoja mfupi, ukakatika.

Tulimfukua kwa mikono. Mimi na haohao waliombomolea, maana walipousikia ule ukelele hata wao waliogopa. Alikuwa hai. Nyonga yake ilikuwa imevunjika vibaya, mguu umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Baba alifika akitoka machungani. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akavunja kioo kwa rungu, akamtoa broka kupitia dirishani kama anavyotolewa ndama, akampiga mdomoni. Alimpiga mpaka ule mdomo haukuwa mdomo. Wanaume wote sita ndio walioweza kumtoa.

Broka alipona, lakini kwa muda mrefu alikula kwa mrija. Baba alifungwa Kajiado.

Nilienda kumwona mara moja tu mwanzoni. Tulisimama kila mtu upande wake wa wavu. Alikuwa amenyolewa na sare ilimpwaya.

"Mama yako anatembea?" akauliza.

"Hatembei. Papa, niliona ile kumi na tano. Siku ya karatasi. Niliiona."

"Uliona? Na ukanyamaza? Kwa nini hukusema?"

Nilivua kitambaa cha kichwa, nikageuza sikio la kushoto nikalisogeza kwenye wavu. Nilisikia kishindo. Alikuwa amepiga wavu kwa paji la uso, akapiga tena na tena, mpaka askari wakaja kumkamata mabega. Nilifunga kitambaa changu nikapanda gari la Kitengela. Njiani sikumhurumia, bado.

Basi unaelewa kwa nini ile karatasi ya mwalimu wa chama ilinitoa matapishi. Niliipeleka nyumbani, kwenye chumba kimoja cha mabati tulichopanga, ambamo mama aliketi mchana kutwa kwenye kigodoro akitazama mlango. Mwenye nyumba alipenda kutukumbusha kodi kwa kupiga teke mabati, na kila akipiga, mama alijikunja akidhani ni ukuta unakuja. Hilo ndilo lililonimaliza. Si kodi, ni kule kujikunja.

Nikamwambia mama kila kitu: karatasi ya mwalimu, na ile nyingine ya kumi na tano. Nilingoja anipige. Alilia kidogo bila sauti, kisha akaniita nikae karibu na kigodoro. Alinivua kitambaa akaweka kiganja juu ya kovu, akabana vilevile kama siku ile kwenye samadi.

"Hesabu," akasema. "Nimeshika."

Nilihesabu nikilia kwa hasira. Nilikuwa na magodoro mawili, jiko la makaa, cherehani kuukuu isiyo na mkanda, na shilingi elfu nne mia tatu kwenye chama. Nilidaiwa na hospitali, na duka la dawa, na mwenye nyumba miezi miwili. Kwenye mstari wa tatu niliandika: ploti ya futi hamsini kwa mia, Kitengela, nyumba ya mawe, ukuta usiosukumika. Mama akataka niongeze choo cha kukalia. Nikaongeza.

Ilinichukua karibu miaka sita. Nilishona mchana kiwandani na Jumapili nilishona sare za shule nyumbani, baada ya kununua mkanda wa cherehani. Nilikula githeri, mahindi na maharagwe kila siku, mpaka nikaichukia kama adui. Mwaka wa tatu mwanamume niliyekuwa naye, aliyekwisha kuniahidi ndoa, nilimkuta ameinua godoro la mama anatafuta pesa za cherehani, na mama mwenyewe akiwa amesukumwa sakafuni. Nilikuwa na pasi ya makaa mkononi. Alitoka pale na alama ya pasi mgongoni, na kama bado yupo hai, anayo mpaka leo. Kila mwisho wa mwezi niliketi karibu na mama, akashika kichwa changu, nikahesabu tulipofika. Kovu liliendelea kuwaka. Sikupona, nilizoea tu.

Baba alitoka jela wakati tulikuwa tumebakisha mchango wa miezi miwili. Alitutafuta Kitengela yote, mji ambao hakuutambua tena, akatupata. Alikuwa amekonda na kuzeeka. Mama hakumruhusu avuke kizingiti. Alimpa chai akainywa nje, akawa analala kwa ndugu yake, akirudi kila asubuhi kuketi palepale mlangoni bila kuambiwa lolote.

Siku ya kulipia ploti, mama akasema, "Naye atakuja. Nataka aone."

Mwenye ploti alikuwa mwalimu mstaafu aliyeishi Kajiado mjini, mtu mpole. Tuliketi mezani kwake, mama na mkongojo aliokuwa ameanza kutembelea, mimi na mkoba kifuani. Baba alikataa kiti, akasimama kando ya mlango. Nilisoma mkataba mara tatu, vipimo, namba ya ploti, majina. Kisha nikatoa noti za elfu moja moja, mia moja na ishirini, nikaziweka mezani. Mwalimu akanyoosha mkono azichukue.

"Hapana," baba akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu tutoke Kitengela. Alikuja mpaka mezani, akafunika pesa kwa kiganja. Hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi. "Hesabu. Kwa sauti."

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, noti baada ya noti, na kwa kila namba nilimwona akifumba macho na shingo ikikazika, kama mtu anayepigwa. Niliona na sikupunguza sauti. Sitadanganya, nilifurahia. Nilimtandika kwa kila noti. Nilitaja arobaini na tatu nikimtazama usoni, akayumba, akashika ukingo wa meza, akasema, "Endelea," nikaendelea mpaka mia na ishirini.

"Zimetosha," mwalimu akasema kwa upole.

Neno lile lile alilosema baba siku ya karatasi.

"Bado," nikamwambia. Nikazivuta zote upande wangu, nikaanza tena kutoka moja, kwa sauti ya juu zaidi. Mwalimu akabaki ameduwaa. Baba hakusogea. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta, mikono yote miwili iko mezani, anangoja namba inayofuata. Kumi. Ishirini. Thelathini. Nilikuwa nikipiga noti mezani sasa, kila moja inalia.

Nilipofika arobaini na tatu, kiganja cha mama kikaja juu ya sikio langu la kushoto. Kikabana.

"Wacha sasa," akasema. "Ameshasikia."

Nikaiweka ile noti juu ya zingine, na mwalimu akatafuta kalamu.